Vitabu Tulivyokata kwa Wembe

Jumamosi iliyopita nilirudisha ufunguo wa chumba cha kusomea kilicho nyuma ya kanisa letu hapa Komarock, na kwa hivyo nimestaafu. Nina miaka kumi na minane. Mkitaka kucheka, chekeni sasa ndipo tuendelee. Nilianza kazi nikiwa kidato cha kwanza, nimeiacha baada ya mtihani wa kidato cha nne, na nyinyi wawili mnaoichukua mliniomba niwaeleze inavyofanywa. Mlitaka nieleze kwa mdomo. Nikasema nitaandika. Mnanijua: mbele ya watu maneno yangu huisha kabla sijaanza, lakini shajara yangu haina haraka, na mengi ya humu nimeyatoa huko.

Kuhusu vyeo sina la kusema. Nilikuwa msaidizi, halafu nikawa msaidizi mwenye ufunguo. Mshahara ulikuwa chai, na mandazi siku ambazo akina mama wa kanisa walikuwa na mkutano.

Siku yangu ya kwanza nilikuta kitabu kikichinjwa. Atieno, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha nne na ndiye msimamizi wa chumba, alikuwa ameketi sakafuni na riwaya mpya mapajani na wembe mkononi. Aliikunja mgongo mpaka gundi ikalia, akapitisha wembe, na kitabu kimoja kikawa viwili.

"Unakipasua?" nikauliza. Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza kazini.

"Sasa, mrembo. Eeh, napasua. Kwani ni cha babako?"

"Lakini ni kipya."

"Ni kipya na ni kimoja. Hebu angalia hapo nje." Kwenye ngazi walikuwa wamekaa wanafunzi wengi, kila mmoja anangoja riwaya hiyo hiyo. "Wakingoja mmoja amalize ndio mwingine aanze, wa mwisho atasoma akiwa na wajukuu. Njoo ushike hapa. Usikinyonge, shika tu."

Hivyo ndivyo nilivyofunzwa. Riwaya hugawanywa vipande sita, na unakata mwisho wa sura, hukati katikati ya watu wakiongea. Kila kipande kinashonwa kwa sindano na uzi wa fundi wa viatu, matundu matatu, fundo linabaki ndani lisikwaruze vidole. Jalada ni ukurasa wa kalenda ya zamani. Kipande cha kwanza ni Januari, cha pili Februari, mpaka Juni. Karatasi ya kalenda ni ngumu, hupatikana bila shida, na hakuna mtu anayehitaji kuelezwa Machi inafuata mwezi gani. Kila riwaya ina kalenda yake. Moja ina picha za ng'ombe, ilitoka duka la dawa za mifugo. Nyingine ina maua. Nyingine ina mchungaji na mkewe, miezi yote, wamebadilisha nguo tu.

Halafu kuna sheria, nayo ni moja. Hupewi kipande kinachofuata mpaka umelipia kwa mdomo. Unaketi kwenye kile kiti chenye mguu mfupi, mbele ya msimamizi, unaeleza yaliyotokea katika kipande unachorudisha. Huu si mtihani, hakuna maksi na hakuna kusahihishwa. Ukieleza, umelipa, unapewa mwezi wako.

Mtadhani mwenye shida ni yule anayeeleza. Kwangu mimi shida ilikuwa kusikiliza, kwa sababu mtu akikupa hadithi anakuangalia usoni, na mimi sipendi kuangaliwa. Atieno aliliona hilo mapema.

"Mueni, mtu anakwambia bibi harusi ametoroka na wewe unaangalia viatu vyake! Sema hata 'aki'."

Nikaanza na "aki". Baadaye nikaongeza "halafu?" Maneno hayo mawili yamenifikisha nilipofika. Atieno alipomaliza shule na kwenda chuo Eldoret, aliniachia ufunguo, mkebe wa biskuti wenye nyembe na sindano, na ushauri: "Usijifanye umesoma kitabu chote. Watu hupenda kumwambia mtu asiyejua."

Msomaji aliyenipa kazi kuliko wote alikuwa Mama Brayo. Jina lake ni Nekesa, anapakia sabuni kwenye kiwanda kimoja huko Industrial Area, na shule aliiachia darasa la saba. Siku moja alikuja kumtoa Brayo wake chumbani akale, akaona Januari mezani. Akaichukua, akaikunja mara moja, akaitia kwenye mfuko wa dasti-koti yake ya kazini. Ikaenea.

"Hiki kinaweza kupita geti," akasema.

Kiwandani kwao simu zinaachwa kwa mlinzi mpaka jioni, na chochote chenye skrini pia. Wakati wa chai ana dakika chache na ukuta wa kuegemea. Aliniambia, bila aibu kabisa, kwamba hajawahi kumaliza kitabu tangu azaliwe, na kwamba amechoka kuwa hivyo.

Alikuwa na bidii, na alikuwa na haraka. Jumamosi moja alilipia Februari ya maua, akajichukulia Machi kwenye rafu akikimbilia zamu. Juma lililofuata alikaa kwenye kiti kama mtu aliyebeba habari nzito.

"Mueni wangu, huyu mwandishi ni mkora. Yule karani si aligongwa na lori akafa? Kumbe hakufa! Amejificha Kakamega, amebadilisha jina, sasa ni mwalimu mkuu na ana bibi mwingine."

"Aki," nikasema.

"Ni yeye. Ameficha sura lakini mimi nimemjua. Vile anapuliza chai kabla anywe, ni yule yule."

Nikatazama kipande mkononi mwake. Jalada lilikuwa na ng'ombe. Karani alikuwa wa riwaya ya maua, mwalimu mkuu wa riwaya nyingine kabisa, na huyu mama alikuwa amewaunganisha wiki nzima peke yake, katikati ya sabuni. Sheria inasema usisahihishe mtu. Lakini angeniomba Aprili sasa, na ningempa ya nani?

"Mama Brayo," nikasema polepole, "hii Machi ni ya ng'ombe. Yako ilikuwa ya maua."

Akaangalia rafu. Akaangalia ng'ombe. "Kwa hivyo karani alikufa kabisa?"

"Kabisa."

"Maskini. Na mimi nilikuwa nimeshamfufua." Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akachukua Machi ya maua, akaniomba na Aprili ya ng'ombe pia, ajue mwalimu ataishia wapi na yule bibi. Tangu siku hiyo alibeba riwaya mbili, moja kila mfuko.

Nilipokuwa karibu kuingia kidato cha nne, tableti zilikuja. Kanisa lilipata wafadhili, na kabati la chuma lenye kufuli likaletwa, na ndani yake tableti zimepangwa kama vyombo vya arusi. Kila moja ilikuwa na riwaya nyingi kuliko rafu yetu yote. Nilijiandaa kuzichukia. Niliandika hata kwenye shajara kwamba nitazichukia.

Sikuweza. Ukigusa neno usilolijua, maana yake inatokea hapo hapo, huendi kupigania kamusi. Tena nilisoma riwaya nzima ya mapenzi katika chumba kilichojaa watu na hakuna aliyejua ninasoma nini. Kwa mtu kama mimi hiyo si faida ndogo.

Halafu akaja Mwalimu Kyalo. Alifundisha shule za msingi mpaka akastaafu, sukari ikamharibu macho, na kwa muda mrefu alikuwa akija chumbani kukaa tu, akishika gazeti bila kulifungua. Nilimwonyesha jinsi ya kukuza herufi. Zikakua, zikakua, mpaka zikawa kama za bango la barabarani. Maneno machache tu yalienea kwenye skrini, lakini aliyasoma. Alisogeza, akasoma mengine.

"Kumbe bado naweza," akasema. Hakuniambia mimi. Aliiambia tableti.

Zina kasoro zake, mtaziona. Haziruhusiwi kutoka chumbani, kwa hivyo mwenye zamu mchana kutwa hazimfai. Tokeni za stima zikiisha siku ambayo hakuna mtu wa kanisa karibu, unaanza kuhesabu chaji kama mtu anayehesabu mchele uliobaki. Mwalimu Kyalo kidole chake kilitetemeka siku moja skrini ikaruka mpaka mwisho wa kitabu, akapiga kelele, "Nimemwona mwizi! Sikutaka kumwona!" Lakini kasoro iliyoniuma zaidi nilichelewa kuitambua. Isipokuwa wachache wenye zamu, kila mtu alikuwa na kitabu chote tangu mwanzo, kwa hivyo hakuna aliyehitaji kulipia kitu. Chumba kilinyamaza. Mimi ningepaswa kufurahi. Nilikaa nikitazama kile kiti cha mguu mfupi hakina mtu, na sikufurahi.

Likizo ya Agosti, Mzee Kilonzo akaja na futi ya kupimia. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya kanisa, aliendesha malori miaka mingi, na anapenda kila mzigo uwe mahali pake. Alipima ukuta ule mrefu, ambao ndio pekee wenye soketi, na ambao rafu ya vitabu ilikuwa imeufunika wote.

"Msichana wangu, hii rafu itatoka. Meza ya tableti inakuja hapa, zisomwe zikiwa kwa chaji."

"Na vitabu, Mzee?"

"Vitabu vyote si viko ndani ya hizi? Tunafuga karatasi ya nini? Na nyingine zimeraruka, ni vipande vipande." Alikuwa ameshaongea na mtu wa Dandora anayenunua karatasi kuukuu kwa kilo. Mkokoteni ungekuja Jumamosi ya wiki iliyofuata, asubuhi.

Nilitaka kumwambia hazikuraruka. Nikaangalia viatu vyake.

Mama Brayo alikuja jioni ile kulipia Mei. Nilipomwambia, hakulia wala hakupiga kelele. Alikunja ile Mei na kuikunjua. "Juni nitaipata," akasema, "utanipa leo nikishalipia. Lakini baada ya Juni?" Akaiweka Mei mezani. "Mimi nilifikiri nikimaliza kimoja nitaanza kingine. Sikuwa nimefikiri kwamba vinaweza kuisha."

Nikaandika usemi wangu kwenye shajara, nikaufuta, nikaandika tena, na Jumapili baada ya ibada nikaenda kwenye kamati. Nilisimama karibu na mlango. Usemi wote ulinitoroka. Nilichosema ni kwamba Mama Brayo anasoma kiwandani wakati wa chai, na skrini haipiti geti, kipande kinapita, na wako wengine kama yeye. Kisha, kwa sababu ni kweli na Mwalimu Kyalo alikuwa ameketi pale mbele, nikasema pia kwamba yeye bila tableti hawezi kusoma, na zinahitaji chaji.

Mzee Kilonzo akavua miwani. "Sasa wewe uko upande gani?"

"Wa wote wawili."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Yeye hakucheka. "Msichana wangu, ukuta ni mmoja. Mimi nataka ukuta. Ukinipatia ukuta kabla ya Jumamosi, karatasi zako zikae. Usiponipatia, mkokoteni unakuja."

"Nitakupatia," nikasema. Sikujua ni nani aliyesema mpaka nilipoona wananiangalia mimi.

Jibu nililipata nikianika nguo. Nyumba yetu ni ghorofa ya pili, na kwenye baraza tuna kamba moja inayobeba nguo za watu watano, kwa sababu Mama anajua kuzibana bega kwa bega. Nikachukua riwaya nene niliyokuwa nayo, nikaibana na vibanio viwili. Kamba ikalegea kama tumbo la ng'ombe, kitabu kikaanguka ndani ya beseni. Nikakimbia ndani nikaleta kipande kimoja, Februari ya mchungaji na mkewe. Nikakibana. Kikakaa, kikapepea kidogo, kikatulia.

Kwa hivyo rafu ingeweza kutoka. Kamba zingepita juu ya meza ya tableti, kutoka dirisha mpaka mlango, na riwaya zingeninginia hapo kama nguo. Lakini kipande tu ndicho kinachoninginia. Na riwaya nyingi kwenye rafu zilikuwa bado nzima, kwa sababu baada ya Atieno kuondoka mimi nilikuwa nimekata chache sana. Nilizipenda zikiwa na migongo yao.

Nilimtumia Atieno ujumbe. Akanirudishia wa sauti, kelele za chuo nyuma yake. "Manze Mueni, si wembe unao? Unaningoja mimi nitoke Eldoret nikushikie mkono? Anza na kile unachokipenda zaidi. Vingine vitakuwa rahisi."

Ninachokipenda zaidi kilikuwa na jalada gumu la kijani, hadithi ya msichana aliyejifunza kuendesha trekta. Ndicho kitabu cha kwanza nilichosoma mpaka mwisho bila mwalimu kunituma. Jumatatu asubuhi nilikiweka mapajani, nikakunja mgongo wake, ukalia. Nikapitisha wembe nikiwa nimegeuza uso. Ukiangalia Aprili yake utaona ukingo umeenda upande. Ni mimi.

Nilikata Jumatatu, nikakata Jumanne. Mwalimu Kyalo, ambaye uzi haoni, alikaa na kuniambia sura zinaishia wapi, nikimpa tableti yenye kitabu kile kile, akitafuta kwa herufi zake za bango na kuniitia, "Hapa! Kata hapa, huyu bwana amelala." Mama Brayo alikuja kila jioni akitoka kazini, vidole bado vinanukia sabuni. Mtu aliyepakia vipande vya sabuni miaka hiyo yote, mkimpa vipande vya vitabu mtajua hamjui kazi. Mimi nikimaliza kushona kimoja, yeye ameshashona vitatu.

"Punguza spidi, utajichoma," nikamwambia.

"Wewe ongeza. Mkokoteni haupunguzi."

Kamusi, Biblia na vitabu vya masomo tuliviacha vizima, vikaingia kwenye kreti za soda chini ya meza. Mama yangu alitoa vibanio vyake vyote, akaniambia vitarudi. Bado anaviulizia, kwa hivyo akija mumwambie hamjui lolote.

Jumamosi asubuhi mtu wa Dandora alifika na mkokoteni wake akauegesha mlangoni. Mzee Kilonzo alikuja nyuma yake. Ukuta ulikuwa mtupu, soketi zote zinaonekana, rafu tumeitoa nje. Meza ilikuwa mahali pake, tableti zinachaji. Na juu yake, kamba baada ya kamba, ng'ombe, maua, wachungaji na milima yenye theluji.

Mzee Kilonzo alisimama katikati. Alilazimika kuinama kidogo, kwa sababu ni mrefu.

"Hii ni maktaba ama ni kamba ya nguo?"

Nilijua ananiuliza mimi. Mwalimu Kyalo akajibu kutoka mezani, bila kuinua uso, "Kilonzo, sogea kidogo. Unanizibia mwanga."

Mzee akasogea. Akapima ukuta kwa macho, kisha kwa futi, kwa sababu haamini macho. Mtu wa mkokoteni akauliza mzigo uko wapi. Mama Brayo, aliyekuwa amebadilishana zamu ili awepo, alishika Juni yake kwa mikono miwili kama mtu aliyekuja kuipigania.

"Mpe yale maboksi," Mzee Kilonzo akasema hatimaye.

Maboksi yalikuwa ya tableti, matupu, yamejaa pembeni tangu siku zilipoletwa. Yakapakiwa yote kwenye mkokoteni, yakaenda Dandora.

Nilifikiri Mzee Kilonzo ameondoka nayo. Nilipogeuka alikuwa bado yumo, kichwa kati ya kamba, amefungua kipande. Kilikuwa Aprili, ile ya trekta, yenye ukingo ulioenda upande. Alisoma amesimama. Akafungua ukurasa. Akafungua mwingine. Kisha akakitoa kwenye vibanio, akakikunja na kukitia mfuko wa koti.

Mama Brayo alinitazama. Mwalimu Kyalo naye aliinua uso. Miaka yote hiyo nilikuwa nimesema "aki" na "halafu?"

"Mzee," nikasema, na safari hii sikuangalia viatu, "hiyo ni Aprili. Hujalipia Machi."

"Nalipia nini?"

"Nieleze yaliyotokea Machi."

"Sijasoma Machi."

"Basi hujafika Aprili."

Alinitazama kama mtu aliyezoea kupewa njia. Halafu akatoa Aprili mfukoni, akainyoosha kwa kiganja, akairudisha kwenye kibanio chake. Akatembeza kidole juu ya kamba mpaka akapata Januari.

"Na hii?"

"Januari ni bure."

Huo ndio utaratibu. Wembe uko kwenye mkebe wa biskuti, tokeni muulize mama mtunza kanisa kabla ya Ijumaa, na Mwalimu Kyalo mpeni tableti iliyo karibu na dirisha. Mama Brayo yuko kwenye riwaya yake ya tano. Mzee Kilonzo ana Februari ya trekta tangu kabla ya mitihani yangu, na mara mbili amejaribu kuirudisha kimya kimya na kujichukulia Machi. Msimwachie. Mvutieni kile kiti.